Heavy si zito tu, na silabi zake ni mbili

Mimi hufundisha tusheni ya Kizungu hapa Lamu baada ya magharibi, wengi wa wanafunzi wangu ni vijana wa mashua wanaobeba wageni kwenda Shela na Manda, na neno lililonishughulisha kuliko yote ni heavy. Kila mtu analijua, ukimuuliza atakwambia zito, basi, kaishia hapo.

Sasa mzigo wa mawe mgongoni kwa punda ni heavy, hapo hakuna tabu, na moyo mzito ni heavy heart, sawa pia. Lakini mvua sisi twasema kubwa, wao wasema heavy. Foleni ya magari kule Mombasa ni heavy traffic. Mtu anayemaliza pakiti ya sigara kwa siku ni heavy smoker hata akiwa mwembamba kama ufito. Na sisi nasi tuna zetu ambazo hazivuki: uji mzito kwao ni thick, na mtu mzito, yaani mwenye heshima zake, ukimwita heavy umesema mwili wake. Nilipokuwa kijana nilimtambulisha mzee wa mtaani kwetu kwa wageni nikasema he is a heavy man, wakamtazama tumbo, mzee akaniuliza wasemaje nikashindwa kumjibu. Nilitaka kusema important. Mpaka leo yaniuma.

Kubwa zaidi ni bahari. Msimu wa kusi bahari ikichafuka, kijana mmoja alimwambia mgeni the sea is dirty, mgeni akaelewa taka, akajibu haidhuru mimi siogelei, twende. Hebu fikiria hapo! Ni rough, au heavy sea, na hilo kapteni lazima alijue kabla hajatoa mashua, manake hapo ni roho za watu.

Kwa hivyo ushauri wangu, usiandike heavy peke yake kwenye daftari ukaweka alama ya ni sawa na zito. Iandike na mwenzake: heavy rain, heavy sea, heavy meal, kila moja na Kiswahili chake mbele.

Silabi nazo. Sisi silabi zetu karibu zote huishia na vokali, kwa hivyo mtoto akiona heavy anaigawa he-a-vy, tatu, halafu kwa mazoea yetu mkazo unakaa ile ya pili kutoka mwisho, inatoka heAvi, mgeni haelewi kitu. Ni mbili tu: heav-y. Ile ea ni sauti moja fupi, kama ya head na bread, na mkazo uko mwanzo. Ukiandika barua mstari ukakuishia katikati ya neno usiikate, herufi moja y haiachwi peke yake mstari wa chini, shusha neno zima.

Heavier ndiyo huwatoa jasho, kwa sababu silabi zimekuwa tatu, heav-i-er, ulimi wataka kuhamisha mkazo kwenye i kwa mazoea, na Kizungu hapa hakihami, unabaki pale pale mwanzoni. Mimi huwapigisha makofi, la kwanza kwa nguvu, mawili ya baadaye polepole, na wiki hii nimewasikia wawili wakipiga hivyo hivyo gatini wakingojea abiria.