Dume wako wa Lemon Frost usimpandishe, mkuu

Mkuu, ishia hapo hapo. Unasema uko Houston, una dume wa geko chui, yaani mjusi wa kufugwa, wa rangi iitwayo Lemon Frost, Jumamosi unaletewa jike, na unataka kujua mayai yakae joto gani, uyafukie kwenye nini na watoto uwauze bei gani. Huyo jike mwambie mwenyewe abaki naye.

Mimi ndiye mjinga aliyekutangulia. Nimekulia Tanga, mjusi kafiri nyumbani anafukuzwa na ufagio, halafu nimefika Ohio nikatoa dola 400 taslimu kununua mjusi. Bibi yangu mpaka leo hajaambiwa bei. Ila ile rangi unaijua, njano ya limau juu, weupe chini yake kama umande wa baridi. Nilipagawa.

Nilimnunua kwenye maonyesho ya wanyama watambaao. Na nilimuuliza muuzaji kabisa: "Nasikia hawa wanatoka vivimbe?" Akacheka. Eti hiyo ilikuwa ukoo wa mwanzo, damu zilikaribiana mno, yeye ameshachanganya damu mpya vizazi vitatu na tatizo limekwisha. Nikamwamini kwa sababu alikuwa na meza mbili na fulana yenye picha ya mjusi. Mshenzi yule! Aliniwekea mnyama kiganjani kifudifudi, hakumgeuza hata mara moja. Na mimi, msomi, sikuomba.

Basi nikafanya kama alivyonielekeza. Majike watatu wa rangi ya kawaida, kila mmoja nimemtoa kwa mtu wake, ili damu iwe mpya kwelikweli. Misimu miwili. Watoto 19, kumi kati yao Lemon Frost, maana jeni ya rangi hii, yaani chembe ya urithi, nakala moja tu inatosha kuonekana, kwa hiyo nusu ya watoto hivi wanaibeba. Nikauza tisa. Nikajiita mfugaji. Nilitengeneza hadi kadi za biashara, zipo, nazitumia kuandikia orodha ya sokoni.

Siku nasafisha boksi lake, dume akasimama kwa miguu ya nyuma akiegemea kioo, taa ikampiga tumboni. Karibu na kwapa kulikuwa na vitu vyeupe kama punje za mchele mbichi, chini ya ngozi. Nikadhani funza wa chakula amemnasia. Nikabonyeza kwa kidole: vigumu, havisogei. Miezi miwili baadaye kimoja kilikuwa saizi ya karanga. Daktari wa mifugo akakata, dola 600. Miezi minne, kimerudi na wenzake. Akaniambia kwa baadhi yao hufika hadi kwenye ini. Tukamdunga sindano ya kumpumzisha moja kwa moja, akafa.

Hata hivyo hasara kubwa ilikuwa bado. Zikaanza kuja meseji za niliowauzia. Ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja, mwanawe wa miaka tisa ndiye aliyepiga picha ya tumbo na kuuliza, "Hizi ni mayai?" Nimerudisha hela za watu mpaka nikauza maboksi yote ya kioo.

Mwaka 2021 watafiti wa UCLA, chuo kikuu cha huko California, walitoa kazi yao kuhusu hawa wanyama. Walifuatilia rangi, wakafuatilia uvimbe, vyote vikawapeleka sehemu moja, kwenye jeni iitwayo SPINT1. Zaidi ya asilimia 80 ya Lemon Frost hupata uvimbe. Seli zinazotengeneza ule weupe unaoupenda ndizo zinazozaliana bila breki. Sasa damu mpya itasafisha nini hapo? Rangi ndiyo ugonjwa wenyewe! Na ukimpandisha na Lemon Frost mwenzake, robo ya watoto watabeba nakala mbili, ngozi nene, hali mbaya zaidi.

Najua atakuja mtu hapa chini kusema wake ana miaka miwili na ni mzima. Wangu pia alikuwa mzima alipozalisha hao 19. Wala usikimbilie Enigma, aina nyingine ya geko chui, hao ni kupinda shingo na kuzunguka kama pia, mdudu wa chakula yuko mbele ya pua wanamkosa.

Joto la mayai: nyuzi 27 unapata majike wengi, 32 madume wengi. Lakini mayai gani? Si nimesema hakuna mayai!

Kwangu amebaki binti mmoja wa yule dume, Malimao, alikosa mnunuzi kwa kuwa mkia ulikatika. Kila tarehe mosi namweka kwenye boksi la kioo, napitisha simu chini, napiga picha tumbo. Ya mwezi huu ina nukta mbili, kwapa la kushoto.

Mwenye jike umeshampigia?