Askari wa Kisudani, 1897: maasi au mapinduzi?

SWALI: Naandika juu ya askari waliowageuka Waingereza huko Uganda mwaka 1897. Niseme "maasi ya askari wenyeji" au "mapinduzi"?

JIBU: Sema maasi, ila "wenyeji" liondoe. Askari hao walitoka Sudan. Wengi wao walikuwa jeshi la Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, kisha ofisa Mwingereza Lugard akawachukua mwaka 1891. Busoga, mashariki mwa Uganda walikoasi, walikuwa wageni sawa na mabwana zao. Mwenyeji pale ni Msoga. Andika "askari wa Kisudani". Vivyo hivyo, walioasi Meerut, India, mwaka 1857 waite "askari wa Kihindi".

Kuna hatua kabla ya maasi, na waandishi wengi huziruka. Septemba 1897, kule Ravine (leo Eldama Ravine, Kenya), askari walikataa kufuatana na msafara wa Macdonald, ofisa wa Kiingereza. Walichoshwa na safari zisizokwisha, ujira mdogo tena wa kuchelewa, na kutenganishwa na wake zao. Mambo yangeishia hapo, "waligoma" au "walikaidi amri" lingetosha. Oktoba waliiteka ngome ya Luba, Busoga, kisha wakamuua Meja Thruston, ofisa wa Kiingereza waliyemshika mateka. Huko ndiko kuasi hasa.

Mapinduzi je? Kupindua ni kugeuza cha juu kikawa chini: utawala ung'oke, mwingine ukae. Januari 1964 inatosha kutufunza: tarehe 12 Zanzibar ilikuwa mapinduzi, tarehe 20 Dar es Salaam wanajeshi walidai mishahara na maafisa Waafrika, nayo yakaitwa maasi. Wasudani wa Luba walizingirwa mpaka Januari 1898, serikali ikabaki ile ile.

"Uasi" si kosa, lakini ni tabia au hali ya kuasi kwa jumla. Tukio lenye tarehe na mahali hupendeza zaidi kuitwa "maasi". Upatanisho wa kisarufi: uasi ulitokea, maasi yalitokea. Msikitini maasi ni dhambi, kwa hiyo katika kichwa cha habari ongeza "ya askari", msomaji asidhani ni hotuba ya Ijumaa.

Kitenzi nacho kina mtego. Kuasi hakihitaji "dhidi ya": waliwaasi makamanda wao, waliiasi serikali. Na usiandike "askari walioasiwa" ukikusudia waliofanya hivyo. Hao ni walioasi. Aliyeasiwa ni Macdonald.