Jibu: Mtaalamu wa nyasi asiye na digrii yupo

Ndugu, umeuliza kama kuna aliyefika mbali kwenye utaalamu wa nyasi bila digrii. Yupo, tena mama: Agnes Chase wa Marekani, mzaliwa wa Illinois, 1869. Shule aliishia ya msingi. Aliolewa 1888, mume akafariki kwa kifua kikuu hata mwaka haujaisha. Akawa anasahihisha prufu (kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa), baadaye akakagua nyama kwenye machinjio ya Chicago.

Kilichomtoa ni mkono wa kuchora. 1903 Wizara ya Kilimo ilimwajiri Washington achore mimea, na huko akaja kushirikiana na Albert Hitchcock, bingwa wa nyasi. Sasa wewe chuma suke la nyasi hapo uani, lifumue kwa ncha ya sindano. Vile vikapi vidogo, yaani maganda yanayofunika maua na mbegu, idadi yake, mishipa yake, ndivyo vinavyotenga aina na aina. Anayevichora kutwa nzima atavijua kuliko anayevisoma tu, naamini hivyo.

Safari ya kukusanya mimea Panama alinyimwa kisa ni mwanamke. Alidai pia haki ya wanawake kupiga kura, akafungwa, akagoma kula, akalishwa kwa nguvu. Brazil alikwenda 1924 na 1929, akarudi na maelfu ya sampuli. Alistaafu 1939 lakini kazini hakuacha kwenda. Mwaka uliofuata alikuwa Venezuela akikusanya nyasi!

Digrii unayoiulizia aliipata 1958, udaktari wa heshima, akiwa na miaka 89.