Maswali na Majibu: Hadithi Unaijua, Sasa Tazama Miguu

Tangu nilipogusia baleti kwenye safu hii, maswali hayakauki. Mengine mazuri, mengine yanaonyesha mtu ameuliza kabla ya kusoma. Nimechagua haya.

Mrembo Aliyelala naijua tangu darasa la pili. Kwa nini nilipe kiingilio kuitazama ikichezwa bila neno hata moja? (Msomaji, Tanga)

Na harusini je? Unajua fika kwamba bibi harusi atatolewa, na bado unavuta shingo umwone. Bibi akisema "Paukwa!" uliitikia "Pakawa!" ukijua sungura atamshinda fisi. Ulichokuwa ukikisubiri ni jinsi bibi atakavyomwiga fisi.

Baleti za hadithi za kale nazo ni vivyo hivyo. Chukua tendo la kwanza la Mrembo Aliyelala, kama lilivyopangwa na Marius Petipa kwa muziki wa Tchaikovsky, St. Petersburg, mwaka 1890. Binti mfalme Aurora anasherehekea siku yake ya kuzaliwa, na wachumba wanne wamekuja. Anasimama kwenye ncha ya mguu mmoja, wa pili ameuinua nyuma, goti limekunjwa. Mchumba wa kwanza anamshika mkono, kisha anamwachia. Aurora anauinua mkono ule juu ya kichwa, amesimama peke yake, halafu anaushusha taratibu kwa wa pili. Kisha wa tatu. Kisha wa nne. Mguu ni uleule, na kisigino hakijagusa sakafu.

Uso usiutazame, uso umefundishwa kutabasamu. Tazama vidole vyake. Vikimng'ang'ania mchumba, ujue mguu unaomba msaada. Vikimgusa tu kama mtu anayepima joto la chai, basi umebahatika jioni hiyo. Kitabuni ungeambiwa "alikuwa binti mzuri, wachumba wakaja wengi," ukafunua ukurasa. Hapa unamwona msichana akisimama kwa miguu yake mwenyewe mbele ya ukumbi mzima, dakika chache kabla ya kuchomwa kidole na kulala miaka 100.

Kwa sababu kisa unakijua, macho yako yana nafasi. Anayehangaika kufuata "nini kimetokea" hana muda wa kuona vidole.

Wanasema nini pale wanapozungusha mikono hewani? (Msomaji, Dodoma)

Wanaongea. Mikono miwili ikizungushana juu ya kichwa: tucheze. Kiganja kikiuzunguka uso: mzuri. Kidole kikionyesha kidole cha pete: ndoa. Ngumi mbili zikipishana mbele kwenye vifundo: kifo. Ukiyajua hayo manne, laana ya Carabosse, yule kichimbakazi ambaye hakualikwa kwenye sherehe ya mtoto, utaisoma kama barua: mtoto atakua, atapendeza, atachomwa kidole, atakufa. Aliyemcheza bibi huyo mara ya kwanza alikuwa mwanamume, Enrico Cecchetti, na usiku uleule akacheza pia Ndege wa Buluu, sehemu ya kuruka mpaka mapafu yanaomba radhi.

Siku hizi makundi mengine hupunguza lugha hii ya mikono, eti watazamaji hawaielewi. Hawataielewa vipi ikifichwa?

Mbona wamebadilisha hadithi? Kwenye katuni haiko hivyo. (Wasomaji wanne, nimechoka)

Katuni si hadithi asilia. Charles Perrault alikichapisha kisa hiki Ufaransa mwaka 1697, na kwake mwana mfalme hambusu msichana. Anapiga magoti, naye anaamka. Busu tumelipata kwa ndugu Grimm wa Ujerumani. Tena kwa Perrault kuamka ni nusu ya safari: mama mkwe ni zimwi, na anaagiza wajukuu wake wapikwe kwa mchuzi maalumu. Hata jina la Aurora, kwa Perrault ni la mtoto wa mrembo, si la mrembo mwenyewe.

Petipa alimtupa mama mkwe nje, akaweka harusi. Tendo zima la mwisho ni harusi: Paka Mwenye Viatu kaalikwa, msichana mwenye kofia nyekundu kaja na mbwa mwitu wake, na hakuna kinachotokea isipokuwa watu kucheza. Wako wanaolalamika kwamba "hadithi imesimama". Wangelalamika pia kwamba kwenye harusi hakuna kesi.

Odette na Odile wa baleti ya Swan Lake ni mapacha? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, Odette ni bata maji na Odile ni mlaghai anayejifanya yeye, na kwa kawaida wote wawili huchezwa na mtu mmoja. Na tafadhali, Odile akianza ile mizunguko yake 32, msihesabu kwa sauti.

Binti yangu ana miaka 6. Nimnunulie vile viatu vya kusimamia vidole? (Mama, Arusha)

Usithubutu. Ncha ya kiatu kile si chuma wala mbao kama watu wanavyodhani. Ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Kinachomshikilia mchezaji ni misuli ya miguu na mgongo, na mifupa ya mtoto wa miaka 6 bado milaini. Walimu makini hungoja hadi miaka 11 au 12, baada ya mafunzo ya miaka kadhaa. Mwalimu atakayemvalisha mapema ili wazazi wapate picha, mtoe mtoto siku hiyohiyo.

Nianze na ipi, na wapi? (Msomaji, Muscat)

Mwenzetu unakaa mji wenye Royal Opera House tangu 2011, halafu unatuuliza sisi? Fuatilia ratiba yao. Nairobi nako, wanafunzi wa Dance Centre Kenya wameshaicheza baleti ya Nutcracker.

Ila mimi kwa mgeni sianzi na Nutcracker. Nusu yake ya pili ni maonyesho ya peremende, kisa kimekwisha. Anza na Cinderella yenye muziki wa Prokofiev. Saa inapogonga usiku wa manane, muziki wote unageuka kuwa mashine ya saa, na utamsikitikia msichana yule kana kwamba hujui kiatu kitapatikana. Ukipata ile iliyopangwa na Frederick Ashton mwaka 1948, kwa kawaida dada wa kambo huchezwa na wanaume, na Ashton mwenyewe alikuwa mmoja wao. Watoto watacheka mpaka walie.

Naruhusiwa kurekodi kwa simu?

Hapana.

Nivae nini?

Nguo safi. Na beba sweta, kiyoyozi cha kumbi hizo hakina huruma.