Je, damu ya mgonjwa ambaye sikumhubiria iko mikononi mwangu?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni binti wa miaka 24, kazi yangu ni uuguzi, na kanisani nahubiri kwenye ibada ya vijana. Miezi miwili iliyopita tulikuwa na semina. Mwalimu alifundisha Ezekieli 33, akasema kijana aliyeokoka asipomhubiria kila anayekutana naye, mtu huyo akifa katika dhambi, damu yake itadaiwa kwake. Wiki ileile alifariki mzee wa kitanda cha dirishani, nikiwa zamu ya usiku. Nilimhudumia siku 9 na sikuwahi kumwambia habari za Yesu. Tangu hapo silali. Nikaanza kuhubiri wodini wakati wa kugawa dawa, na sasa nimepewa barua ya onyo. Mwalimu anasema hayo ni mateso kwa ajili ya Injili, na ananishauri niache kazi niingie huduma ya muda wote. Je, nina hatia ya damu? Niache kazi?

JIBU: Amina, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeumia zaidi. Nimewaruka wengine waliotangulia kuniandikia ili nikujibu wewe kwanza, kwa sababu fundisho hilo limeshawafikia vijana wengi na nimeona linavyowafanya. Wapo waliogeuka watu wa kelele wanaokimbiwa na jamaa zao wenyewe. Wapo waliokata tamaa wakaacha wokovu kabisa, wakisema hawauwezi.

Nitangulize jibu, usije ukasoma yote haya roho ikiwa mkononi. Huna hatia ya damu ya mzee yule. Na kazi usiache.

Kwamba Injili lazima ihubiriwe, hapo mimi, wewe na mwalimu wako hatuna ubishi. Ninachokikataa ni jinsi maneno ya nabii yalivyochukuliwa yakafanywa fimbo ya kuwachapia watoto wa Mungu.

Fungua Ezekieli usome mwenyewe, na uanzie sura ya 3, maana ndiko inakoanza habari ya mlinzi, yule anayewekwa kuwaonya watu hatari inapokuja. Ezekieli anafika kwa wahamishwa waliokaa karibu na mto Kebari. Je, anaanza kuwahubiria? Mstari wa 15 unasema aliketi miongoni mwao siku 7, ameshikwa na bumbuwazi. Siku 7 nzima, nabii aliyekwisha kuitwa, aliyekwisha kulila gombo la maneno ya Mungu, amekaa kimya kati ya watu waliopoteza nchi yao. Neno la kumweka kuwa mlinzi linakuja siku hizo 7 zilipokwisha. Wala hakukemewa kwa kukaa kimya.

Endelea mbele kidogo. Mungu anamwambia, "Damu yake nitaitaka mkononi mwako," kisha katika sura hiyohiyo, mstari wa 26, anamwambia kwamba ataugandamanisha ulimi wake na kaakaa la kinywa chake, naye atakuwa bubu. Atasema pale tu Mungu atakapomfumbua kinywa. Ububu ule haukuondoka hadi sura ya 33, mstari wa 22, habari za kuanguka kwa Yerusalemu zilipofika, takriban miaka 7 baada ya kuitwa kwake. Nani alimnyamazisha mlinzi? Yuleyule aliyemweka. Sasa mtu anawezaje kusimama mbele ya vijana na kitabu hichohicho mkononi, akawaambia kwamba kila dakika waliyonyamaza ni damu? Anaujua mstari mmoja, na sura inayoubeba mstari huo hajaisoma.

Tena mlinzi ni mtu aliyewekwa. Ukisoma 33:2 utaona watu wa nchi wanamtwaa mtu mmoja miongoni mwao na kumweka awe mlinzi wao. Mmoja. Hawapandi wote ukutani kupiga tarumbeta, maana nani atabaki kuoka mkate na kuwanywesha watoto maji? Paulo anauliza jambo hilohilo kwa Wakorintho: "Je! wote ni mitume? wote ni manabii? wote ni waalimu?" Mbinguni wewe hujaandikwa Ezekieli. Umeandikwa kwa jina lako, na siku ile utaulizwa habari za kazi uliyopewa wewe.

Najua mwalimu wako atajibu kwa Matendo 20, Paulo anapowaambia wazee wa Efeso, "Mimi sina hatia kwa damu ya mtu awaye yote." Hoja hiyo ina nguvu, sitaki kuipita kama siioni. Paulo alijiona anawajibika, na mhubiri yeyote aliyekabidhiwa kundi akalificha neno ana la kujibu. Ila asomaye mstari wa 26 asifunge Biblia kabla ya kufika wa 34. Katika hotuba ileile, mbele ya wazee walewale, Paulo anaendelea: "Mikono yangu hii imetumika kwa mahitaji yangu na ya wale waliokuwa pamoja nami." Hebu mwone pale ufukweni Mileto, ameinua mikono ya mshona mahema, migumu, yenye alama za sindano na kamba. Mikono aliyosema haina damu ndiyo aliyowaonyesha kuwa ina kazi. Zile nguo zake walizopelekewa wagonjwa wa Efeso wakapona, neno lililotumika katika Kiyunani ni la aproni ya fundi. Mtume aliyeujaza mji ule Injili alikuwa na aproni, na hakuiona kuwa kizuizi cha huduma.

Kwa hiyo wazo kwamba aliyeajiriwa ni mtumishi nusu, na aliyeacha kazi ndiye mtumishi kamili, halikutoka kwa mitume. Halina msingi hata katika historia ya vijana wa kanisa. George Williams alikuwa mfanyakazi wa duka la vitambaa mjini London, kijana wa miaka 22, alipokutana na wenzake 11 mwaka 1844 wakaanzisha chama cha vijana Wakristo ambacho leo dunia inakijua kwa herufi YMCA. Hakuacha duka. Miaka zaidi ya mia moja kabla yake, mwaka 1732, Wamoravia wa kwanza waliovuka bahari kupeleka Injili kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas walikuwa mfinyanzi na seremala.

Sasa barua ya onyo. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie, maana nakupenda. Barua ile siyo mateso kwa ajili ya Kristo. Petro alitofautisha mambo haya mapema: anayeteswa kwa kuwa ni Mkristo asione haya, lakini mtu wa kwenu asiteswe kama "mtu ajishughulishaye na mambo ya watu wengine." Ukisimama na trei ya dawa huku unahubiri, mgonjwa wa kitanda cha sita anangoja na maumivu yake. Dakika zile ni zake. Na yule unayemhubiria hawezi kuondoka. Amelala, ana dripu mkononi, anakutegemea umpe dawa, umpe maji, umgeuze. Atasema "amina" ili usimkasirikie. Hiyo ni imani gani? Bwana wetu alimuuliza kipofu Bartimayo, "Wataka nikufanyie nini?" na aliyekuwa hawezi miaka 38 akamuuliza, "Wataka kuwa mzima?" Mwenye mamlaka yote aliomba ruhusa kwa mgonjwa. Wewe na mimi ni nani hata tuiruke?

Nikueleze jambo la nyumbani kwetu. Baba yangu hakuwa mtu wa kanisa, na mahubiri yangu aliyakataa miaka mingi. Alipolazwa, vijana wawili wenye ari walifika kitandani wakamhubiria moto wa milele kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Baba akageukia ukutani. Hakusema neno hadi jioni. Usiku alikuwepo muuguzi aliyekuwa akibadilisha shuka zake, maana baba alikuwa hawezi tena kujizuia, na jambo hilo lilimwaibisha kuliko ugonjwa wenyewe. Muuguzi yule aliivuta shuka chafu upande mmoja, akaitandaza safi upande wa pili, akamgeuza taratibu asibaki uchi hata kidogo, huku akiimba wimbo kwa sauti ya chini, kama mtu aliye jikoni kwake. Usiku wa tatu baba akamuuliza anaimba nini. Akamwambia. Usiku uliofuata baba mwenyewe alimwomba amsomee Zaburi, akamsomea zamu ilipokwisha. Baba alifariki siku 11 baadaye. Sitakuambia aliamua nini moyoni, sikuwemo humo. Najua tu kwamba aliuliza, na kwamba mimi mchungaji sikuwahi kumfanya aulize.

Usinielewe vibaya ukadhani nasema mwenendo unatosha na maneno hayahitajiki. Wapo wanaojificha nyuma ya usemi huo, tena wanauhusisha na Fransisko wa Asizi, ingawa hauonekani katika maandishi yake. Paulo anawauliza Warumi, "Tena wamsikieje pasipo mhubiri?" Wimbo wa yule dada ulikuwa na maneno, na alipoulizwa alijibu. Ukiulizwa jibu, kwa upole na hofu kama Petro alivyoagiza. Ukiona mgonjwa ana hofu, muulize kama angependa umwombee, na akikataa mheshimu na umhudumie vilevile. Kama hospitali ina kasisi au utaratibu wa huduma ya kiroho, ufuate. Na kwa metroni nenda ukaombe radhi bila kujitetea.

Kuhusu mzee wako: unachobeba nakiona kuwa ni msiba, na mtu amekuja akaubandika jina la hatia. Ulimuuguza siku 9. Ulizoea kikohozi chake. Akaondoka mikononi mwako, na hakuna aliyekupa pole kwa kuwa hukuwa ndugu yake. Basi pole sana, binti yangu. Mlilie. Yaliyopita kati yake na Mungu saa zile za mwisho huyajui, na mwalimu wako hayajui pia. Mnyang'anyi pale msalabani alisema sentensi chache tu. Ibrahimu, alipohofia watu wa Sodoma, alishika neno hili: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Nawe lishike hilohilo.

Mahubiri ya vijana endelea nayo, ila nakuomba upumzike majuma mawili hadi matatu kwanza. Nabii Eliya alipotaka kufa chini ya mti wa mretemu, malaika alimpa chakula akamwacha alale, akamwamsha ale tena, ndipo yakaja mazungumzo ya huduma. Mwalimu wako usimchukie wala usimsemee vibaya kwa wenzako. Mpelekee Ezekieli 3 msome pamoja, na akitaka kuongea nami, mlango uko wazi. Wito wa huduma ya muda wote ukija, utakuja bila vitisho, na kanisa lako litauona pamoja nawe.

Ukirudi zamu, usikikwepe kile kitanda cha dirishani. Najua umekuwa ukikikwepa. Yupo mgonjwa mwingine sasa, na shuka zake zinahitaji mtu wa kuzinyoosha. Kisha uniandikie, hata mistari miwili tu, kama umeanza kupata usingizi.