Cheti Ninacho, Kibanda Sinacho

Juzi msomaji mmoja wa Mokowe kaniandikia: "Dada, nimemaliza mafunzo ya ujasiriamali, cheti nimepata, mtaji wa 20,000 ninao. Nifungue nini?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Cheti kama hicho ninacho, kiko ukutani kwa mama. Kibanda nilichokifungua kwa sababu ya cheti hicho, hapa Langoni, mjini Lamu, sasa anacho fundi simu.

Mafunzo yangu yalikuwa 2017, siku 3, na chai na sambusa. Niliandika mpango: mahamri 200 kila asubuhi, shilingi 10 moja, na oda ya nyumba ya wageni Shela. Mwalimu akausifu mbele ya darasa, tukapigwa picha, akapanda boti. Hatukumwona tena. Sisemi kwa uchungu. Haya, kwa uchungu kidogo.

Mpango wenyewe ulikuwa Januari hadi Disemba, kila mwezi mahamri 200 yale yale kwa siku. Ramadhani haimo. Nayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na asubuhi yake nani atanunua hamri? Wanunuzi huja magharibi ikikaribia, saa ambayo kila nyumba ina karai lake jikoni. Mwaka 2018 ikaingia Mei, juu ya mvua za masika na upepo wa Kusi. Shela kimya, mwenye wageni ananiambia tuonane Julai. Mwenye kibanda yeye alitaka kodi yake ile ile.

Halafu deni. Mji huu wote ni jamaa, "niandikie" huwezi kuikataa. Daftari lilifika 14,600, kiasi hicho nakikumbuka kuliko namba yangu ya simu. Shangazi mmoja ana 3,200 yangu mpaka leo. Tukikutana kichochoroni hujibanza nyuma ya punda wa watu kama hakuniona. Na mimi mwenyewe, ilipofika harusi ya mdogo wangu, nilichota unga wa biashara bila kuandika hata kilo moja. Agosti nikafunga.

Miaka iliyofuata naiacha, inachosha. Leo nauza barazani kwa mama, na nasimama.

Msidhani nayatukana mafunzo. Kuna utafiti uliofuata zaidi ya wanawake 3,500 wenye biashara ndogo hapa Kenya: miaka 3 baada ya mafunzo ya siku 5, waliofundishwa walikuwa na mauzo ya juu kwa 18% na faida kwa 15% kuliko wasiofundishwa. Ila kwenye biashara kubaki hai, tofauti ilikuwa ndogo. Na faida hiyo mwaka wa kwanza haikuonekana. Sisi tunataka Ijumaa ijayo! Jamani, subira. Andika kila usiku kabla ya kulala. Umekopesha, andika. Umekula mwenyewe, andika. Umechoka, andika hivyo hivyo.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mokowe, usifungue kitu bado. Kaa na kalamu uhesabu gharama ya kitu kimoja tu utakachouza. Kwa hamri ni unga, sukari, nazi, iliki, mafuta, kuni. Mimi nilihesabu nikiwa nimeshafunga. Hamri langu la shilingi 10 lilikuwa likinigharimu 9 na senti 40, na kila aliyenunua 10 nilimpa la 11 bure.