Bageti inayonata kwenye chuma

SWALI: Ndugu Mhariri, nilinunua mashine ndogo ya kuchomelea ya bei nafuu, yenye sanduku lililoandikwa amperi 250 (kipimo cha wingi wa umeme unaopita), ili nijifunze nyumbani na hatimaye nitengeneze mwenyewe mlango wa chuma wa duka langu. Kila nikijaribu, bageti, yaani ile fimbo ya kuchomelea, inanata kwenye chuma, na nikiongeza amperi, bomba la chuma ninalochomelea linatoboka. Majirani wananishauri niirudishe dukani. Je, nimepoteza pesa zangu? Mama msomaji, Kadutu, Bukavu.

JIBU: Mama, usiirudishe kwanza. Namba hiyo ya 250 usiitegemee, kwa kuwa mashine nyingi za bei hiyo hazifikii kile kilichoandikwa kwenye sanduku, lakini kazi yako haihitaji hata nusu yake: bageti ya milimita 2.5 hutumia kati ya amperi 60 na 90.

Chunguza umeme kabla ya kuulaumu mkono wako. Mashine hii imetengenezwa kwa volti 220, na jioni, watu wote wanapowasha taa na majiko, volti hushuka sana katika mitaa yetu iliyosongamana. Ukiongeza hapo ralonji (waya wa kurefushia umeme) ndefu yenye waya mwembamba kama ule wa taa, umeme mwingi hupotea njiani, na hata ukizungusha kitufe hadi mwisho, mwali kwenye ncha ya bageti unabaki hafifu, nayo inanata. Fanya kazi asubuhi, tumia waya wa milimita mraba 2.5 au zaidi, tena uukunjue wote, maana ukibaki umeviringwa hupata moto.

Jambo la pili ni unyevu. Kwa mvua zetu za Bukavu, pakiti ya bageti ikishafunguliwa hufyonza maji polepole, na bageti mbichi hurusha cheche ovyo na kuacha vitundu kwenye mshono. Zikaushe kwa joto la kiasi karibu na mbabula (jiko la makaa), bila kuzigusisha moto, kisha uzifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Sasa mkono. Safisha chuma kwa brashi ya waya hadi king'ae, hasa pale unapobana koleo la kurudishia umeme, kwa sababu kutu na rangi huzuia umeme kupita. Kwaruza bageti kama unavyowasha kiberiti, halafu uiinue kidogo tu, umbali unaolingana na unene wa bageti yenyewe, na uendelee kuishusha taratibu kadiri inavyokwisha. Sikiliza: mwali ulio sawa hutoa mlio mfululizo kama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zikikaangwa, na ukisikia mlio mzito unaokatika, umeinua mno. Ikinata, izungushe kwa nguvu ing'oke. Ikikataa, ifungue kwenye kishikio.

Bomba linatoboka kwa sababu ni jembamba, nami singependa mwanafunzi yeyote aanzie hapo. Jaza kwanza mistari mingi kwenye kipande cha chuma cha milimita 4. Ukirudi kwenye bomba, chukua bageti ya milimita 2, amperi 40 hadi 60, uiunganishe kwenye upande hasi wa mashine, kisha uchomelee vipande vifupi huku ukiruka mahali ili chuma kipoe. Taa ya manjano ikiwaka, mashine imechoka: iache bila kuizima, feni iipoze.

Hapa nakusihi kwa moyo wote. Kofia iwe na kioo cheusi cha kuchomelea namba 10 au 11, kwani miwani ya jua haitoshi kabisa, na watoto wa jirani wanaokuja kutazama wakae nyuma ya ukuta, kwa sababu macho yao yatauma usiku kana kwamba yana mchanga. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa. Ondoa zinki hiyo kwanza, na ufanyie kazi nje. Pipa lililowahi kubeba mafuta usilichomelee, hata kama limeoshwa.